Usafi wa Yai Huanzia Kiotani

Wahenga walisema kuku wa maskini hatagi; akitaga haangui; na akiangua, vifaranga huchukuliwa na mwewe. Ni methali ya mfugaji anayeandamwa na balaa kutoka nje: ukame, kideri, mwewe, nguchiro. Lakini ipo hasara nyingine isiyoletwa na mwewe. Huletwa na mikono ya mwenye kuku mwenyewe, tena mikono yenye bidii na nia njema. Kisa ninachokisimulia hapa ni cha mfano, nimekitunga ili kifunze, ndiyo maana mhusika wake hana jina. Hata hivyo, yanayompata ni mambo yanayotokea kweli, na sababu zake zinajulikana.

Mama huyu alizaliwa Kitui, akaolewa ng'ambo ya Mto Athi, upande wa Kathonzweni, Makueni. Kwao mama yake alifuga kuku wa kienyeji wachache. Kuku wa aina hiyo hutaga mayai kumi na kitu, kisha huatamia. Kwa mwaka hufanya hivyo mara tatu hivi. Mayai hayakupata nafasi ya kurundikana. Machache yalikaangiwa wageni, yaliyosalia yaliachiwa kuku ayaangue. Binti akakua bila kuona yai likihifadhiwa, kwa kuwa hapakuwa na la kuhifadhi.

Huku Makueni mambo yalikuwa mengine. Chama cha akina mama alichojiunga nacho kilinunua vifaranga wa kienyeji walioboreshwa, wa mbegu ambayo shirika la utafiti la KALRO limeieneza kutoka kituo chake cha Naivasha. Kuku hao hutaga kwa wingi, na wengi wao hawana hamu ya kuatamia. Walipofikisha umri wa kutaga, mama akajikuta na mayai kila siku, na kila wiki kreti zinajaa. Alipewa kuku wa kisasa. Maarifa ya kulitunza yai lenyewe hakupewa.

Akampata mnunuzi Wote mjini, mwanamke anayeoka keki za harusi. Mwanzoni biashara ilikwenda vizuri. Kisha siku moja mnunuzi akachagua mayai machache yenye madoa ya kinyesi, akayaweka kando.

"Dadangu, mayai yako nayapenda, kiini chake kina rangi kweli kweli. Lakini haya yananiaibisha jikoni kwangu. Niletee yanayong'aa."

"Usijali, mama. Siku ya soko ijayo utayaona yanang'aa."

Akatimiza ahadi. Ulikuwa mwezi wa Februari, kabla ya mvua ndefu, wakati jua la Ukambani halina huruma. Kila alasiri aliokota mayai yakiwa na joto la banda la mabati, akayatumbukiza kwenye karai la maji yaliyolala usiku kucha mtungini. Maji hayo yalichotwa kwenye shimo la mchangani, katika mto mkavu ambako ng'ombe na punda nao hunywa. Akatia sabuni ya unga, akayaacha yaloe, akayasugua moja moja kwa kitambaa kilekile, ndani ya maji yaleyale. Yalipotakata aliyapanga yakiwa bado na unyevu ndani ya ndoo ya plastiki, akaifunika ili vumbi lisiingie, akaiweka kwenye rafu ya juu jikoni, chini kidogo ya bati. Ya kesho yake akayaweka juu ya yale ya jana, na ya keshokutwa juu ya hayo. Zaidi ya wiki ikapita. Siku ya soko ilipofika aliyapanga kwenye kreti, bodaboda akazifunga nyuma, wakashika barabara ya vumbi hadi Wote.

Mnunuzi alifurahi kuyaona. Jioni hiyo alikuwa na keki ya harusi ya kuoka. Siagi na sukari zilikwisha kupigwa hadi zikalainika. Akaanza kuvunjia mayai ndani ya bakuli moja kwa moja, la kwanza, la pili, la tatu. Alipofika kwenye mojawapo, ute uliomwagika ulikuwa na rangi ya kijani na harufu ikajaa chumba. Siagi, sukari na mayai yote yaliyotangulia vikaenda shimoni. Aliyafungua yaliyobaki kwa hofu: mengine yalikuwa mazima, mengine yalikuwa na nyuzi za damu, mengine yalikuwa viza kabisa.

Akapiga simu. "Mayai haya umeyatoa wapi?"

"Ni ya kuku wangu, mama. Tena niliyaosha kwa mikono yangu mwenyewe, moja moja."

Aliitoa kauli hiyo kama utetezi. Kumbe hapo ndipo penye chanzo cha hasara.

Tulichukue yai lenyewe tulitazame. Ganda lake, ambalo karibu lote ni madini ya kalisi, lina maelfu ya vitundu visivyoonekana kwa macho; ndivyo vinavyompitishia kifaranga hewa. Yai lolote lenye njia ya hewa lina njia ya vijidudu pia, na kuku amepewa kinga ya hatari hiyo. Muda mfupi kabla ya kutaga, mwili wake hulipaka yai utando mwembamba wa protini. Yai likitoka huwa na umajimaji, utando hukauka kwa muda mfupi, ukaviziba vile vitundu. Hiyo ndiyo kinga ya kwanza ya yai. Kosa la kwanza liko hapo: anayelisugua yai kwa maji na sabuni anauondoa utando huo kwa mkono wake, na hakuna awezaye kuurudisha.

Kosa la pili ni baridi ya maji. Ndani ya mwili wa kuku yai lina joto la nyuzi 41 hivi, na katika banda la mabati mchana wa Februari halishuki haraka. Maji ya mtungini ni baridi kuliko hilo yai kwa nyuzi nyingi. Chupa ya plastiki ikitiwa maji moto na kufungwa, hujikunja inapopoa, kwa sababu kilichomo kinasinyaa. Yai nalo husinyaa kwa ndani, ila ganda lake halikunjiki. Badala yake hufyonza kilichoko nje kupitia vitundu. Kama kilichoko nje ni maji machafu, basi yai limeyanywa. Ndiyo maana nchi zinazoosha mayai viwandani hutumia maji yenye joto kulipita lile la yai, kwa nyuzi 11 au zaidi. Hata hivyo kuloweka ni mwiko; mayai hunyunyiziwa na kukaushwa hapo hapo.

Kosa la tatu ni maji yenyewe. Kitui na Makueni ni nchi ya mito ya mchanga. Watu wake wamesifika kwa kuyateka maji ya mchangani kwa akili. Shirika la SASOL la Kitui, kwa mfano, limesaidia wanavijiji kujenga mamia ya mabwawa ya mchanga tangu miaka ya 1990. Maji yanayochujwa na mchanga na kutolewa kwa pampu iliyofunikwa ni neema. Lakini shimo la wazi linalokanyagwa na mifugo ni jambo jingine. Miongoni mwa bakteria wanaoozesha mayai, wanaoongoza ni wa kundi liitwalo Pseudomonas, na makao yao ni udongo na maji. Hao ndio huupa ute rangi ya kijani. Karai moja la maji likitumiwa kwa mayai yote, uchafu wa yai moja unagawiwa mayai mia. Mwanamke huyu alikuwa amechota maji kwa jasho, jerikeni la lita 20 baada ya jingine, katika nchi ambayo kila tone lina thamani, kisha akayatumia kuozesha mali yake.

Kosa la nne ni unyevu na joto. Mayai yaliyofungiwa ndooni yakiwa bado na unyevu yaliwapa bakteria kila walichohitaji. Tena kulikuwa na jogoo bandani. Yai lililorutubishwa halihitaji kuku ili lianze safari ya kuwa kifaranga. Likikaa penye joto la nyuzi ishirini na kitu kwenda juu, kiinitete huanza kukua polepole. Chini ya bati la Makueni joto hupita nyuzi 30, lakini halifiki wala halidumu kwenye zile nyuzi 37 na nusu za kuatamia. Kwa hiyo kiinitete huanza, kisha hufa. Zile nyuzi za damu alizoziona mwokaji ndizo alama za maisha yaliyoanza na kukatika.

Kosa la tano ni kuchanganya tarehe. Mayai ya jana na ya wiki iliyopita yakishakuwa ndani ya ndoo moja, hakuna ajuaye la kutangulia kuuzwa.

Na kosa la sita ni la mnunuzi. Alivunjia mayai moja kwa moja ndani ya mchanganyiko wa gharama, badala ya kuvunja kila moja kikombeni kwanza. Zaidi ya hapo, yeye ndiye aliyedai mng'aro. Kizuri chajiuza, kweli, ila uzuri wa yai hauko kwenye kung'aa. Ganda la yai ambalo halijaoshwa kwa kawaida huwa limefifia kidogo, na huko kufifia ni utando ule ukiwa kazini. Mteja anayekataa yai safi lisilong'aa anamfundisha mfugaji kuosha.

Wapo watakaouliza: mbona Marekani mayai huoshwa? Ni kweli. Mayai yanayopewa daraja na wizara ya kilimo ya Marekani sharti yaoshwe. Lakini baada ya hapo huwekwa katika baridi isiyozidi nyuzi 7, yakasafirishwa humo na kuuzwa kutoka humo. Umoja wa Ulaya umefuata njia nyingine: mayai ya daraja la kwanza, kwa kanuni ya jumla, hayaoshwi, ili utando ubaki, na mfugaji analazimika kuwa na banda safi. Njia zote mbili zinafanya kazi kwa sababu kila moja imekamilika. Hatari ni kuchukua nusu ya huku na nusu ya huko: kuosha kama Marekani, kisha kuhifadhi bila friji chini ya bati. Kwa Kathonzweni, Mutomo, Zombe au Kibwezi, ambako friji ni chache na stima haijafika kila boma, njia ya kufuata ni ile ya banda safi na yai kavu.

Kwa hiyo kazi ianze kiotani. Weka kiota kimoja kwa kila kuku wanne au watano, chenye upana wa sentimita 30 hivi kila upande, mahali penye kiza kidogo na pasipo purukushani. Kiinue kutoka sakafuni, lakini kiwe chini kuliko fito za kulalia, kwa sababu kuku hupenda kulala mahali palipo juu zaidi, na anayelala kiotani atakinyea usiku kucha. Tandika nyasi kavu au maranda, ubadilishe mara yanapochafuka. Usiwaache kuku watage sakafuni. Mfugaji akiyashika haya, mayai machafu yatakuwa ya kuhesabu kwa vidole.

Okota mara kwa mara. Kuku wengi hutaga kabla ya adhuhuri, kwa hiyo mzunguko wa saa nne asubuhi na wa saa saba mchana hukusanya sehemu kubwa, na wa jioni humaliza. Nawa mikono kabla na baada. Yai lisilokaa muda mrefu bandani halikanyagwi, halinyewi, wala halipikwi na jua.

Kisha tenga. Safi yaende upande wake. Yenye doa dogo yafutwe kwa kitambaa kikavu au msasa laini, taratibu, palipo na doa tu. Yaliyochafuka sana au yenye ufa yasiende sokoni. Yale yasiyo na ufa yanaweza kuliwa nyumbani siku hiyo hiyo: mwagia maji safi yenye joto kuzidi la yai, usiyaloweke, yakaushe, kisha yapike papo hapo hadi ute na kiini vigande. Yenye ufa wa zamani au usiojulikana ulianza lini, tupa.

Andika tarehe kwa penseli. Panga yai kwenye kreti ncha iliyochongoka ikiwa chini, kwa sababu nafasi ya hewa iko upande ule mnene, na kiini hubaki katikati. Weka kreti mahali penye baridi kuliko pote nyumbani, ambapo mara nyingi ni chini, ndani, kando ya ukuta usiopigwa na jua, wala si juu karibu na bati. Usiliweke yai karibu na mafuta ya taa, samaki au vitunguu, kwani vitundu vinavyopitisha hewa hupitisha na harufu. Katika joto la Ukambani, uza au kula ndani ya wiki moja, na la zamani litangulie.

Asiye na friji anao msaada wa karibu. Mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alijulikana duniani kwa kueneza, tangu miaka ya 1990, matumizi ya vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, na mchanga wenye maji katikati. Maji yanapovukizwa kupitia chungu cha nje, huondoka na joto, na chungu cha ndani hupoa. Hewa kavu ya Kitui inaufaa utaratibu huo sana, na vyungu na mchanga havitoki mbali. Maji yake ni machache. La kuzingatia ni moja: ndani ya chungu pasiwe na umaji unaoyagusa mayai. Mwenye friji naye ajue kwamba yai likishaingia baridini libaki humo, kwani likitolewa, joto linalikuta na kulitoa jasho, na umaji huo huwapa vijidudu njia.

Kuhusu jogoo: kuku hutaga bila yeye. Kama mayai ni ya kuuza kwa kula, mtenge, ukikumbuka kwamba mayai yanaweza kuendelea kuwa na mbegu kwa wiki mbili au tatu baada ya kumtenga. Kama mayai ni ya kuanguliwa, mwache jogoo, chagua mayai safi tangu kiotani, usiyaoshe kabisa, na usiyaweke zaidi ya siku saba kabla ya kuatamiwa.

Kupima yai, wengi hulitia majini: likilala ni jipya, likisimama limezeeka, likielea litupwe. Kipimo ni cha kweli, kwa sababu nafasi ya hewa hukua kadiri yai linavyopoteza maji. Lakini kinalilowesha yai, kwa hiyo kifanywe kwa yai linaloingia sufuriani sasa hivi tu. Kwa yai la kuuza, ingia chumba chenye giza, limulike kwa tochi ya simu kutoka upande mnene. Utaona ukubwa wa nafasi ya hewa, ufa uliojificha, na damu kama ipo.

Hata hivyo, jicho haliuoni ugonjwa. Bakteria wa Salmonella anaweza kuingia ndani ya yai kabla halijatagwa, kupitia ovari ya kuku mgonjwa, na yai hilo likawa na sura na harufu nzuri. Desemba 1988, naibu waziri wa afya wa Uingereza, Edwina Currie, alitamka kwamba sehemu kubwa ya mayai ya nchi hiyo imeambukizwa Salmonella. Mauzo yakaporomoka na yeye akajiuzulu ndani ya wiki mbili. Baadaye wafugaji wa huko walirudisha imani ya wateja kwa kuchanja kuku na kuweka alama ya ubora. Ukiacha mabishano ya siasa, funzo ni kwamba mlaji akiogopa, humkimbia hata mfugaji aliye safi. Na kinga ya jikoni ni kupika yai likaiva. Watoto wadogo, wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu wasipewe yai bichi wala la majimaji.

Neno hilo linawahusu pia wanaouza mayai ya kuchemsha na kachumbari Emali, Makindu na Mtito Andei, mahali magari ya barabara ya Mombasa yanaposimama. Yai lililochemshwa limepoteza utando wake. Likipozwa kwa maji machafu na kushinda juani, ni hatari kuliko bichi. Lipozwe kwa maji safi ya kunywa, lifunikwe, na lisikae kwenye joto kali zaidi ya saa moja au mbili.

Mwanamke wa kisa chetu alipoteza kreti za mayai, pesa za bodaboda na mteja wake mkubwa. Mwokaji alipoteza viungo vyake na harusi ikachelewa kupata keki. Uvivu haukuwa kosa la yeyote kati yao. Mmoja alifanya kazi kubwa mahali pasipohitajika, mwingine aliidai kazi hiyo. Kiota cha nyasi kavu kingewaokoa wote wawili kwa gharama ndogo kuliko karai moja la maji.

Basi, mfugaji wa Kitui na Makueni, maji yako yahifadhi kwa kunywa, kupika na kunyweshea kuku. Badilisha nyasi za kiota leo, okota kabla jua halijakolea, uza mapema, na yai chafu usimpelekee mtu. Nawe mnunuzi, uliza yai limetagwa lini na limewekwa wapi; usiulize kama linang'aa.